Bado ya maabara na bado ya mfukoni

Shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na zote nne zilikuwa za furaha. Magoti yamemtesa miaka mingi na sasa, alisema, amepata seli shina. Nilipompigia nikagundua ni unga ulio kwenye vipakiti vyembamba. Anaumwaga chini ya ulimi kila asubuhi kabla ya kula kitu. Aliyemuuzia alimwambia umetokana na seli shina za tufaha. Nikaomba picha ya boksi. Mbele kulikuwa na mchoro wa DNA, ile ngazi iliyojisokota, unameremeta kama pambo la harusi. Nyuma, kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani kuzisoma, iliandikwa kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote.

"Mwanangu, sayansi imeendelea," aliniambia.

Nilikosa jibu la haraka, kwa sababu hapo hakukosea. Imeendelea kweli, ila mahali pengine kabisa. Seli ya tufaha iliyokaushwa ikawa unga haizai hata tufaha, sembuse goti.

Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Ya ngozi imeshakuwa ngozi, ya misuli imeshakuwa misuli, hii bado. Inaweza kujigawa ikazaa nyingine kama yenyewe, au ikazaa watoto watakaoshika ufundi mmoja na kubaki nao. Shamba lake linalojulikana zaidi ni uboho wa mifupa, ambako seli chache huzaa damu yote ya mwili. Watafiti James Till na Ernest McCulloch, wakiwa Toronto, Kanada, waliua uboho wa panya kwa mionzi, wakawadunga uboho wa panya wazima, kisha wakahesabu vinundu vilivyoota kwenye bandama. Kazi hiyo ilitoka 1961, na baadaye ikathibitika kwamba kinundu ni ukoo mzima uliotokana na seli moja.

Kabla yao, 1957, daktari wa Marekani E. Donnall Thomas alikwisha kuandika juu ya kuwapa wagonjwa uboho wa watu wengine. Matokeo ya mwanzo yalikuwa ya kusikitisha; wagonjwa walikufa, na wataalamu wengi wakaachana na wazo lile. Yeye akaendelea, na 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo kupandikiza uboho ndiyo tiba ya seli shina iliyothibitishwa kuliko zote, na huokoa watu wenye saratani ya damu. Kwa hiyo mtu akiniambia tiba ya seli shina ni uongo, namkatalia. Akiniambia inatibu magoti, macho, kisukari, uti wa mgongo na uzee kwa sindano ileile, namkatalia kwa sauti kubwa zaidi.

Kuhusu magoti hasa, jibu lipo. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa zaidi ya 400 wenye magoti yaliyosagika. Wengine walidungwa seli za uboho wao, wengine seli za mafuta ya mwili wao, wengine seli za kitovu cha mtoto mchanga, na wengine sindano ya kawaida ya kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja hakuna hata moja kati ya zile tatu iliyoishinda sindano ya kawaida. Na hizo zilikuwa seli halisi, za binadamu, zilizoingizwa na daktari ndani ya goti lenyewe.

Ninachokipenda katika utafiti wa kweli ni ujasiri wa kusema "bado". Mwaka 2006 mtafiti wa Japani Shinya Yamanaka alitangaza kwamba seli iliyokomaa ya panya inaweza kurudishwa utotoni, ikawa tena kama seli shina. Alianza na jeni 24 zilizoshukiwa, akawa anaondoa moja moja kuona ipi ikikosekana mambo yanaharibika, hadi zikabaki 4. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu, na 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Sasa hebu fikiria kishawishi kilichokuwepo: dunia nzima inangoja, wagonjwa wanaandika barua, wenye fedha wamepanga foleni. Mwaka 2014, huko Kobe, Japani, kundi la Masayo Takahashi likachukua seli za ngozi za mama wa miaka zaidi ya 70 aliyekuwa akipoteza uoni, likazigeuza kuwa tabaka la seli za nyuma ya jicho, likampandikizia. Mgonjwa wa pili akawa tayari, na seli zake tayari. Zilipochunguzwa zikakutwa na mabadiliko ya jeni ambayo hayakutarajiwa. Wakasimamisha. Hakuna aliyekuwa ameumia wala hakukuwa na uhakika kwamba mabadiliko yale yangeleta saratani. Walisimama kwa sababu hawakujua.

Weka hilo kando ya taarifa iliyotoka 2017 katika New England Journal of Medicine. Wanawake watatu wazee, huko Florida, walifyonzwa mafuta tumboni, yakachujwa "seli shina", wakadungwa machoni. Macho yote mawili siku ileile. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Waliharibika macho vibaya, mmoja akawa kipofu kabisa. Mimi si daktari, lakini katika kisa hicho mambo mawili yananitosha kuwashuku waganga wa namna hii popote walipo: mtafiti makini hujaribu jicho moja kwanza, na kwa kawaida hamtozi mtu ada ili amfanyie majaribio.

Basi mimi ni mtetezi wa polepole? Kwa nusu. Kuna kusubiri kwa aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna kusubiri ushahidi, na hiyo naitetea hata mbele ya mtu mwenye maumivu, ingawa inaniwia vigumu. Halafu kuna kusubiri dawa ambayo ushahidi wake umeshapatikana. Hii ya pili haina uhusiano wowote na sayansi; ni bado ya mfukoni.

Angalia selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba yake iitwayo Casgevy. Ni kazi ya kupendeza kweli. Seli shina za damu za mgonjwa hutolewa, jeni iitwayo BCL11A hukatwa mahali panapoifanya izime himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ile ya mtoto aliye tumboni, mgonjwa hupewa tibakemikali kali ya kufagia uboho wake wa zamani, kisha anarudishiwa seli zake zilizorekebishwa. Himoglobini ya utotoni huwaka upya, na damu inaacha kujikunja kama mundu. Bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara.

Watu hunijibu kwamba teknolojia mpya siku zote huanza ghali. Sawa. Nawauliza kuhusu haidroksiyurea, kidonge cha zamani kisicho na maajabu yoyote. Marekani ilikiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Palikuwa na wasiwasi kwamba mahali penye malaria kinaweza kuwadhuru watoto, na wasiwasi huo ulikuwa wa haki. Hiyo ni bado ya maabara. Jaribio lilipofanyika kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yalionyesha kinyume: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Yalichapishwa 2019. Piga hesabu. Jaribio lenyewe halikuhitaji miaka 21. Kilichochukua muda ni mtu kuona swali hilo linastahili kuulizwa, na kulitafutia fedha.

Ndiyo maana siwezi kumcheka shangazi. Anayeambiwa subiri maisha yake yote hana namna ya kujua ni bado ipi anayoambiwa leo, na muuza unga anaijua vizuri nafasi hiyo.

Nilimpigia tena Jumapili. Nikamweleza habari za Kobe, za panya, na za lile jaribio la magoti. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali mazuri kuliko niliyotarajia, hasa kuhusu yule mgonjwa wa pili: je, aliambiwa ukweli? Kisha akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ile ya kweli, ya magoti, ni lini?"

"Bado, shangazi."

"Bado ya lini?"

Nikamwambia sijui, na hata wao hawajui.

"Haya," akasema. "Maana yule kijana wa vipakiti kanipigia asubuhi. Yeye anasema ni leo."