Tarehe ya kuzima mtambo haisemi yote

Kwenye kila orodha ya nchi zilizoachana na umeme wa makaa ya mawe, Uingereza huwekwa juu. Haki yake. Mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yanaipa karibu asilimia 40 ya umeme. Tarehe 30 Septemba 2024 ikazima kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar. Siri yenyewe wala si ya ajabu: tozo ya kaboni, yaani malipo kwa hewa ukaa inayotolewa na mitambo, iliyoanza 2013 iliyafanya makaa yashindwe bei na gesi, huku mitambo ya upepo ikizidi kusimikwa baharini.

Ila sifa hizo zinaficha jambo. Wachimbaji wa Uingereza walishaumia zamani. Mgomo wao wa 1984 hadi 1985 ulivunjika, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, vijiji vikabaki na watu wasio na kazi. Wa mwisho kati ya ile mikubwa ya chini ya ardhi, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Zamu ya vituo vya umeme ilipofika, wa kupiga kelele walikuwa wachache sana. Ni rahisi kwenda mbio ukiwa umeshawazika wafiwa pamoja na marehemu.

Ujerumani ndiyo inayochekwa, kwa kuwa sheria yake ya 2020 inaruhusu makaa hadi 2038. Imechelewa, sibishi, na kuzima vinu vya nyuklia mwaka 2023 huku makaa yakiendelea kuwaka, kwangu, lilikuwa kosa. Lakini mwaka huohuo wa 2020 ilitenga hadi yuro bilioni 40 kwa mikoa ya makaa, na mfanyakazi aliyefika miaka 58 akipoteza kazi ana posho ya kumvusha hadi pensheni. Fedha zilitangulia, kufuli likafuata.

Sasa tazama Komati, kituo cha umeme wa makaa huko Mpumalanga, Afrika Kusini. Kituo kile kilichoanza kazi 1961 kilizimwa mwisho wa Oktoba 2022, nchi ikiwa kwenye mgao mkali wa umeme. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 za kukigeuza kiwe cha jua na upepo, pamoja na mafunzo kwa wafanyakazi. Iliziidhinisha mwanzoni mwa Novemba. Tanuri zilikuwa zimeshapoa.