Shukrani ya Januari kwa walimu: nani anailipia?

Shule za Dar es Salaam hazifungui mwaka kwa namna moja. Shule binafsi nyingi huwaita wafanyakazi siku chache kabla ya watoto. Ukumbi unapambwa, au watu wanapelekwa ufukweni Kigamboni, mkurugenzi anahutubia, vitenge vya sare vinagawiwa, keki inakatwa, na picha zinafika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla pilau haijapakuliwa. Shule za serikali huanza na kikao. Mwalimu mkuu anasoma matokeo ya mwaka uliopita, anagawa vipindi na zamu, anakumbushia maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, kisha, mfuko ukiruhusu, inaletwa soda na andazi.

Na kila mwaka ubishi ni ule ule. Hizi hafla za kuwakaribisha na kuwapongeza watumishi wa shule zina maana yoyote, au ni kumpaka mwalimu mafuta kwa mgongo wa chupa?

Wanaoziona ni mbwembwe wana hoja nzito. Mwalimu amepanda daraja, malimbikizo ya mshahara hayajaingia. Amehamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine, fedha ya uhamisho anaisubiri. Nauli ya likizo, ambayo mtumishi huilipwa mara moja kila baada ya miaka miwili, anaambiwa bajeti imeisha. Mtu huyo huyo ndiye anayeombwa apige makofi akikabidhiwa cheti chenye fremu. Mwenye nyumba wake Mbagala hapokei vyeti.

Tena walimu wameshafundishwa na uzoefu wasishangilie mapema. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza nyongeza ya asilimia 23.3 kwenye kima cha chini, wengi walipiga hesabu kwamba kila mshahara utapanda kwa kiwango hicho. Julai ilipofika, wenye mishahara ya juu ya kima cha chini wakakuta nyongeza ndogo sana, na manung'uniko yakawa makubwa kuliko yalivyokuwa kabla ya tangazo. Ndiyo maana Mei Mosi ya 2025, ilipotangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka shilingi 370,000 kwenda 500,000, yaani asilimia 35.1, watu walifurahi huku wakiuliza swali moja: wa daraja langu je?

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mfikirie mwalimu wa ajira mpya anayetoka Kigoma na kupangiwa Temeke. Anaripoti halmashauri na barua yake, anasaini makaratasi, anaelekezwa shule asiyoijua mtaa wake. Posho ya kujikimu inaweza kuchelewa, na mwenye chumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Akifika shuleni Jumatatu asubuhi akapokewa na kelele za watoto tu, akaoneshwa darasa lenye watoto zaidi ya mia moja huku kiwango kinachosemwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, muhula wake wa kwanza umeharibika kabla hajashika chaki. Lakini akikuta wenzake wamemtengea kiti na kikombe cha chai ya saa nne, mmoja akamwambia gari gani apande jioni, mwingine akamtajia dada anayepangisha chumba kwa kodi ya miezi mitatu, huyo ameshapata sababu ya kubaki. Mapokezi ya namna hii yanafanya kazi ambayo mshahara haufanyi.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wa hafla hulisahau. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kuongeza hata senti kwenye mshahara wa mtu. Fedha inatoka Hazina, na vyeo na nidhamu ya walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016. Ukimwambia mwalimu mkuu "lipa madai kwanza ndipo ulete keki", umemfikishia malalamiko mtu ambaye yeye mwenyewe anadai. Kosa lake, kama analo, haliko kwenye madai hayo.

Hoja zote mbili zinabishana juu ya kinachotolewa. Mimi naona swali linaloamua ni jingine kabisa: hicho kinachotolewa, kimetoka mfukoni mwa nani?

Chukua mfano wa mwaka 2016, viongozi wa serikali jijini walipotangaza kwamba walimu wa shule za umma wapande daladala bure wakati wa kwenda na kurudi kazini, kwa kuonesha vitambulisho. Nia ilikuwa njema na kero yenyewe ilikuwa ya kweli, maana nyumba za walimu Dar ni chache na mwalimu wa Upanga anaweza kuwa anaishi Chanika. Lakini aliyetangaza shukrani hakuwa anayeilipia. Daladala ina hesabu ya tajiri, yaani kiasi ambacho mwenye gari lazima apelekewe kila siku. Konda na dereva wanakula kinachobaki baada ya hesabu, kwa hiyo kila kiti cha bure kinatoka kwenye chakula chao cha usiku. Anayeijua Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi anajua mwanafunzi wa nauli ya shilingi 200 anavyozuiwa mlangoni kwa kiwiko. Mwalimu akawekwa foleni moja na wanafunzi wake, akisubiri huruma ya mtu ambaye hakuulizwa. Kuna waliosema bora walipe nauli yao wakae kwa heshima, na siwalaumu.

Kipimo hicho hicho ukikileta shuleni, mengi yanajieleza. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, michango ya wazazi ni ya hiari na mwalimu mkuu anayeing'ang'ania anajitafutia barua ya kujieleza. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake huzuiwa kwa ajili ya vitabu. Humo hamna fungu la soda. Basi sherehe italipiwa na nani? Mara nyingi ni walimu wenyewe, kupitia mfuko wa chai na faraja, ule ule unaochangia misiba na harusi. Mwalimu anajipongeza kwa fedha yake, halafu mgeni rasmi anashukuriwa kwa kuja. (Mgeni rasmi naye huchelewa saa mbili, lakini hilo tuliache.)

Zawadi za ufaulu nazo zina tatizo lake. Zipo shule na halmashauri zinazolipa mwalimu kiasi fulani kwa kila alama A ya somo lake. Hapa angalau mtoaji anatoa chake, na sipuuzi jambo hilo. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba akiondoka na bahasha, ameona jasho lake limehesabiwa. Lakini A ya darasa la saba haikuanza darasa la saba. Kuna mwalimu wa darasa la kwanza aliyeshinda kutwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akimshika mtoto mkono mmoja mmoja ili herufi "b" isigeuke "d", ndani ya chumba chenye joto la Januari na madirisha ambayo upepo hauyapiti. Huyo hana mtihani wa taifa, hana A ya kuonesha, na jina lake halisomwi. Nikiambiwa nichague nani apewe mkono wa kwanza siku ya kufungua shule, nitaanza na yeye.

Baada yake nitamwita mlinzi. Katika wilaya za elimu za Marekani kuna desturi ya kukusanya wafanyakazi wote kabla masomo hayajaanza, mara nyingi mwezi Agosti: walimu, wapishi, wasafishaji, madereva wa mabasi, wote ukumbi mmoja. Ni rahisi kwao kwa sababu wilaya hiyo ya elimu ndiyo mwajiri. Anayeshukuru na anayelipa mshahara ni yule yule. Kwetu mlinzi wa shule ya msingi ya serikali mara nyingi hana mwajiri anayeeleweka. Analipwa na kamati ya shule kutokana na michango ya wazazi, pamoja na mama anayepika uji. Desemba walimu wamekwenda likizo, yeye amebaki na madawati, milango na bomba la maji. Januari wazazi wako Kariakoo wakitafuta sare na madaftari, mchango unasuasua, na malipo yake yanasogezwa mbele. Yeye ndiye anayefungua geti siku ya mapokezi, na kwenye orodha ya wanaopokewa hayumo. Mwalimu wa kujitolea naye yuko karibu na hali hiyo hiyo.

Shule binafsi zinaelekea kufanya vizuri zaidi kwenye hili, kwa kuwa kitenge cha sare hupewa hadi dereva. Lakini zipo zinazokata keki Januari wakati makato ya NSSF ya wafanyakazi hayajapelekwa kwa miezi, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja ili mtu asijisahau.

Kuna shukrani ambazo zinamgharimu kiongozi mwenyewe na hazihitaji fungu, na ndizo adimu. Kiongozi anayemfokea mwalimu mbele ya wanafunzi anabomoa kwa dakika tano kile ambacho hafla kumi hazikijengi. Tunakumbuka Februari 2009, mkuu wa wilaya ya Bukoba alipoamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya. Rais Kikwete akamfuta kazi. Lile lilikuwa la kupindukia. Yale madogo yapo kila siku. Kwenye kitabu cha mahudhurio mwalimu mkuu hupiga mstari mwekundu saa ya kuripoti ikipita, na aliyesaini chini yake ana la kujibu. Sisemi mstari ufutwe, maana bila huo wapo wangeingia na chai ya saa nne. Nasema mwalimu mkuu anayejua kwamba leo barabara ya Gongo la Mboto imefungwa na ajali, akaenda kushika darasa la huyo aliyekwama badala ya kungojea kumwandikia barua, ametoa muda wake mwenyewe.

Na madai je? Hapo ningependa kikao cha Januari kifanyike ngazi ya kata, Afisa Elimu Kata akiwa mwenyeji, na wageni wakuu wawe afisa utumishi na mhasibu wa halmashauri wakiwa na kompyuta na mafaili. Jambo hili si geni: Chama cha Walimu kimekuwa kikiendesha kliniki za walimu, yaani vikao vya kusikiliza kero zao, pamoja na maofisa wa serikali kwa mtindo kama huo. Utaambiwa maofisa hawatoshi kwa kata zote za Dar, na ni kweli hawatoshi kwa siku moja. Wanatosha kwa mwezi mmoja. Si kila dai litalipwa pale, lakini mwalimu ataondoka akijua faili lake limekwama meza ya nani, na afisa atakuwa amelisema hilo ana kwa ana.

Kwa upande wa mlinzi na wapishi wa uji hakuna haja ya kumngoja mtu wa halmashauri. Kamati ya shule ina mwenyekiti, ina daftari la michango na inajua deni la Desemba ni shilingi ngapi. Wajumbe wenyewe wakianza kutoa, kisha wakawafuata wazazi wenye uwezo, deni linaweza kwisha wiki moja kabla shule haijafunguliwa. Kama fedha itabaki, inunuliwe soda.