Victor Herbert mbele ya pembe: tuziamini kiasi gani rekodi zake za mwanzo?

Kila opereta (mchezo mwepesi wa kuimbwa) ya mtunzi wa Marekani Victor Herbert inapofufuliwa jukwaani, ubishi hurudi palepale. Kuna wanaosema: fuata nota alizoandika kwa mkono wake, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na hizo santuri na silinda (rekodi zenye umbo la bomba) za kabla ya 1925, zilizorekodiwa kwa pembe bila maikrofoni, waachie wapenda vitu vya kale. Wenzao hujibu kwamba mtunzi mwenyewe ndiye aliyeziongoza nyingi kati ya rekodi hizo, kwa hiyo hakuna shahidi wa kumzidi. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tatizo ni kwamba rekodi huulizwa mambo isiyoweza kuyajibu, kisha ikalaumiwa au ikasifiwa kwa majibu hayo.

Herbert, aliyezaliwa 1859 na kusomea muziki Stuttgart, alifika New York mwaka 1886 pamoja na mkewe, mwimbaji Therese Förster. Metropolitan Opera iliwaajiri wote wawili, mume akipiga selo (fidla kubwa ya kukalia) na mke akiimba jukwaani. Konseto yake ya pili ya selo, yaani utunzi wa selo na okestra, ya 1894, ndiyo iliyomtia hamu mtunzi wa Kicheki Dvořák ya kuandika ya kwake. Mwaka huohuo Prince Ananias, opereta yake ya kwanza kuonyeshwa, ilipanda jukwaani. Aliongoza okestra ya Pittsburgh kuanzia 1898 hadi 1904, kisha zikafuatana Mlle. Modiste (1905), The Red Mill (1906), Naughty Marietta (1910) na Sweethearts (1913).

Alikuwa na tabia mbili zinazouhusu moja kwa moja ubishi huu. Watunzi wengi wa Broadway, kumbi za maonyesho za New York, waliandika wimbo na usindikizo wake wa piano, kazi ya kugawa sehemu za ala wakamwachia mtu mwingine. Herbert aliigawa mwenyewe. Tena hakuruhusu nyimbo za watunzi wengine zichomekwe katika kazi zake, jambo lililokuwa la kawaida kabisa siku hizo. Mtu mkali namna hiyo kuhusu kila nota, alikubalije kwenda kurekodi?

Pesa ni sehemu ya jibu. Juni 1906 alifika mbele ya kamati za Bunge la Marekani, yeye na mtunzi mwenzake John Philip Sousa, kudai kwamba kampuni za santuri na za piano za kujiendesha zinatumia kazi za watunzi bila kulipa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba karatasi yenye matundu ya piano ya kujiendesha si nakala ya nota, hivyo mtunzi hana cha kudai. Sheria ya hakimiliki ya 1909 ndiyo iliyoleta mrabaha wa senti 2 kwa kila nakala. Na mwaka huohuo wa 1909 Herbert akawa mshauri wa muziki wa kampuni ya Edison na kuanza kurekodi silinda na okestra yake; 1911 akahamia kampuni ya santuri iitwayo Victor. Wapo wanaomwona kigeugeu. Sioni hivyo: hakuwahi kudai mashine zifungwe, alidai zilipe.

Sasa tuingie chumba chenyewe. Hapakuwa na maikrofoni. Palikuwa na pembe kubwa, kiwambo chembamba mwisho wake, na sindano iliyochimba mfereji kwenye nta, na kilichoitikisa sindano ni mawimbi ya sauti peke yake. Mfumo huo ulinasa takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 150 hadi 2,500. Nota ya chini kabisa ya besi ya nyuzi nne ni hezi 41, kwa hiyo mara nyingi besi iliondolewa na tuba ikashika zamu yake. Fidla za kawaida zilififia, ndiyo maana studio zilitumia fidla ya Stroh, isiyo na kisanduku cha mbao bali kiwambo na pembe ya chuma; sauti yake ni kali na ya puani. Ngoma kubwa iliepukwa kwa kuwa pigo moja lilitosha kuirusha sindano. Wapiga honi, ambao mdomo wa ala yao huelekea nyuma, waliwekwa wakiipa pembe mgongo, wakimfuata mwongozaji kwa kioo. Mwimbaji alisogea karibu kwenye nota za chini na kurudi nyuma kwenye za juu. Akichelewa nusu hatua, mfereji unapasuka kwa mkwaruzo na nta hiyo haifai tena.

Hapo upande wa nota umeshinda kabisa. Anayesikia tuba katika rekodi ya 1910 na kudhani Herbert aliitaka ukumbini, amedanganywa na pembe.

Muda ni kikwazo kingine, na huu unauma zaidi. Silinda ya kawaida ilibeba dakika 2. Amberol ya Edison, iliyotoka 1908, ilifikia dakika 4 kwa kubana mifereji kutoka 100 hadi 200 kwa inchi, ikawa nyembamba na kuchakaa haraka. Santuri ya inchi 10 ilikuwa na dakika 3 hivi, ya inchi 12 zaidi kidogo ya 4. Mashabiki wa Siti binti Saad wanaijua vizuri adha hii: alipokwenda Bombay mwaka 1928 maikrofoni ilikuwa imeshafika, lakini upande wa santuri ulikuwa bado ni dakika zilezile chache. Kuanzia 1909, kikundi cha studio kilichoitwa Victor Light Opera Company kilitoa mikusanyo ya vionjo, opereta nzima ikakamuliwa iingie upande mmoja.

Madhara yake kwa tamthilia hayasemwi vya kutosha. Chukua "Ah! Sweet Mystery of Life" ya Naughty Marietta. Ukumbini, Marietta anakijua kipande tu cha wimbo alioupata ndotoni, na atampenda atakayeweza kuumalizia. Hadhira inausikia nusunusu hadi mwisho, Kapteni Dick anapoukamilisha. Santuri inakupa wimbo mzima tangu sekunde za kwanza, na hadithi imekufa. "Kiss Me Again" nayo, katika Mlle. Modiste, ni sehemu ya onyesho ambamo Fifi anajinadi kwamba anaweza kuigiza uhusika wowote, akipita kwenye mitindo ya dansi za Ulaya: gavoti, polonezi, kisha walsi. Rekodi ziliinyofoa walsi ile, na igizo likageuka wimbo wa mapenzi wa kweli. Ni kweli pia kwamba kunyofolewa huko ndiko kulikouweka hai wimbo baada ya matini yenyewe kuchakaa.

Upande wa rekodi nao una silaha ambayo karatasi haina. Eugene Cowles aliimba "Gypsy Love Song" jukwaani katika The Fortune Teller mwaka 1898, akaurekodi kwenye santuri za kampuni ya Berliner. Mwimbaji John McCormack alirekodi "I'm Falling in Love with Someone" mwaka 1911. Herbert mwenyewe alirekodi vipande vya selo kwa Victor mwaka 1912. Sikiliza jinsi sauti na upinde vinavyoteleza kutoka nota hadi nota, na jinsi mapigo yanavyovutwa kabla ya kilele cha sentensi kisha kurudishwa. Hakuna alama ya nota inayokwambia kiasi cha mtelezo huo. Waongozaji wengi wa leo huufuta kwa kuona ni uchafu wa zamani, na walsi zinatoka zimenyooka kama gwaride.

Kuhusu kasi ya muziki, usimwamini yeyote kabla ya kupiga hesabu. Namba 78, yaani mizunguko ya santuri kwa dakika, ni makadirio. Santuri iliyokatwa kwa mizunguko 74 ikichezwa kwa 78 inapanda karibu nusutoni nzima (hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili za piano), na dakika 3 zinakuwa 2 na sekunde 51. Tafuta ufunguo kwenye nota za uimbaji zilizochapishwa, kisha rekebisha: nusutoni moja ni karibu asilimia 6. Tofauti ya nota A (inayotumika kulinganishia ala) ya hezi 435 na ya 440 haifiki mzunguko mmoja, isikusumbue. Ukishalinganisha na mwimbaji bado anasikika kama mtoto, au mzito kama mlevi, basi huenda aliimba kwa ufunguo mwingine. Fuata sauti ya binadamu, achana na karatasi. Kwa silinda za Blue Amberol angalia mwaka: kuanzia 1915 zilinakiliwa kutoka santuri za Edison kwa kupitisha sauti kwenye pembe mara ya pili, na kinachopotea hapo hakirudishwi na programu yoyote.

Kwa atakayeandaa Naughty Marietta leo, ushauri wangu ni kuhesabu viti vya okestra kwa mswada wa Herbert, kisha kuwakalisha wapiga fidla na waimbaji wasikilize rekodi za 1909 hadi 1913 kabla ya zoezi la kwanza. Ubishi mkubwa utatoka kwa wapiga fidla, waliofundishwa tangu utotoni kwamba kuteleza ni kosa.