Eti mgongo ni figo

Hapa Mbeya we shika kiuno tu useme "aah", hapo hapo unazungukwa na madaktari. Mama anayeuza ndizi Mwanjelwa atakwambia hizo figo, bodaboda anasema ngiri, jirani anasema baridi ya Juni imeingia kwenye mifupa, halafu kuna mzee wetu mmoja wa mtaani yeye hajawahi kubadilisha jibu, ni figo, kunywa maji.

Mimi mgongo ulinikamatia Uyole nasaidia kupandisha lumbesa ya viazi, lile gunia la kujazwa mpaka kupita mdomo, kwenye fuso. Ka! Nikabaki nimepinda kama mpini mbovu. Nikalazwa kwenye godoro limewekewa mbao chini, maana ndo tunavyoamini, mwenye mgongo alale pagumu na asitikisike, wife ananikanda na maji ya moto asubuhi na jioni, siku tisa hizo, na siku ya tisa kwenda chooni natambaa na ukuta. Nikaenda kupiga picha, nikaambiwa "pingili zimesagika". Hilo neno liliniumiza kuliko lumbesa yenyewe, usiku nawaza shamba ntamwachia nani.

Kumbe bwana mwaka 2015 kuna watafiti walijumlisha picha za CT na MRI za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa, wenye miaka 20 asilimia 37 diski zao, zile za katikati ya pingili, zimeshachakaa, wenye miaka 50 asilimia 80! Sasa hao nao tuwalaze kwenye mbao?

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo, akasema we tembea, hata kama unauma kidogo. Siku ya kwanza niliishia kwenye kibanda cha chipsi, nikapumzika, nikarudi. Wiki ya tatu nikashika jembe.

Ila tusidanganyane, kuna mgongo wa kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo: mkojo unatoka wenyewe au umegoma, huko sehemu za siri pamekufa ganzi, miguu inaisha nguvu. Na kama una homa, unakonda, usiku hulali, usikandwe nyumbani, TB inaingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Figo nazo zipo kweli, ila mara nyingi zinakuja na homa au mkojo wenye shida, sio kwa kuinua gunia.

Na gunia lenyewe hakuna anayelitaja! Sheria inasema lisizidi kilo 100, lile lilikuwa na kilemba juu.

Juzi naenda shamba nakutana na yule mzee. "Ugonile mwanangu, figo zimepona?"

Nikamwambia zimepona, shikamoo.