Nilivyomnunua punda wa babu yangu

Desemba nilikwenda likizo nyumbani, kule juu ya Ngaramtoni, simu yangu ikiwa na video kumi na moja za Wamarekani wanaofundisha watoto wa farasi. Sisi hatuna farasi. Tuna punda jike wa babu na mtoto wake wa miezi minne, ambaye babu alimwita Meneja kwa sababu kazi yake ni kutembea nyuma ya anayefanya kazi.

Babu punda wake wote kawafundisha kwa fimbo. Nikamwambia, "Babu, siku hizi ni upole." Akasema, "Haya, mwalimu."

Na wiki ya kwanza ilikwenda vizuri, nisijisifu. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, mama yake akiwa palepale anatafuna mabua. Siku ya kwanza nilikaa tu chini nimempa mgongo, mpaka akaja mwenyewe kuninusa kola na kula kifungo kimoja. Siku ya tatu nikagundua pale mabegani, ule mstari mweusi unapokatiza: ukimkuna hapo, mdomo wa juu unarefuka na kutetemeka kama wa mtu anayetafuta neno la Kiingereza kwenye usaili. Kufikia Ijumaa alikuwa anakubali nimshike miguu yote minne, mmoja mmoja, na kumrudishia.

Ikabaki kamba. Mtoto wa punda huvuti kichwa. Ukivuta naye anavuta nyuma, shingo bado changa, akianguka umemuumiza. Unampitishia kamba nyingine nyuma ya mapaja, chini ya mkia, unaikaza kidogo tu. Akipiga hatua moja unalegeza hapohapo. Huko kulegeza ndiko kumwambia asante. Meneja alielewa siku moja. Mwalimu ndiye aliyekuwa na matatizo.

Jumapili nikasema tumbo linaniuma, nikabaki nyumbani. Babu na bibi wakatangulia kanisani. Baadaye kijana wa jirani akaja kumpakia mama punda madebe mawili ya mahindi na mkungu wa ndizi, sadaka ya mnada. Kwetu asiye na fedha analeta alichovuna, ibada ikiisha kinanadiwa nje. Mimi niko uani na Meneja, kaptula ya kulalia, ndala, kamba nimeizungusha mkononi mara tatu. Video zote kumi na moja zilikataza kuzungusha kamba mkononi.

Mama punda alipofika njia panda akalia. Punda akilia anasikika hadi kwa shemeji zako. Meneja akainua masikio, na hilo ndilo jambo la mwisho nililoliona vizuri.

Tuliteremka ile njia ya migomba kwa mwendo ambao kamba ya nyuma haikuhitajika. Ndala moja ilibaki kwenye mfereji. Nilipopata fahamu tumesimama nyuma ya mama punda, katikati ya uwanja wa kanisa, mbele ya waumini wote, kati ya jogoo na mafungu ya parachichi.

Mzee wa mnada akanisogelea. Nikainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa, akanigusa utosini. Meneja naye akaingiza kichwa, akaguswa. Watu wakacheka.

"Na huyu ni wa sadaka?"

Sikuwa na pumzi. Nilikuwa nahema kwa kichwa kizima, juu chini, juu chini.

"Bwana asifiwe! Tunaanza na elfu hamsini!"

"Sitini," akasema mama mmoja wa kwaya, bila hata kumwangalia Meneja meno.

Sauti ikanirudia. "Samahani!"

"Themanini! Kijana katoa themanini!"

"Hapana, nimesema samahani!"

"Anasisitiza themanini!"

Mama wa kwaya akasema laki. Nikamtafuta babu kwa macho: amekaa benchi la wazee, mikono juu ya fimbo, anatazama mlima Meru kana kwamba ndio kwanza umewekwa pale. Ningefanyaje? Kilichokwisha kutangazwa sadaka nani atakirudisha nyumbani bure? Tukapanda mimi na yule mama mpaka laki na arobaini, akachoka. Vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Rudisha mnadani!", maana ndiyo kawaida, ukinunua kuku unamtoa tena anadiwe upya. Nikamkumbatia Meneja shingo.

Nililipa kwa simu, mguu mmoja peku. Bibi akapita pembeni yangu. "Naona tumbo limepona."

Jioni babu akaomba stakabadhi. Akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole: punda mmoja, mdogo, jina langu, laki na arobaini. Akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Basi kesho majani ya huyo utakata wewe," akasema. "Ya mama yake nitakata mimi."