Kino na ile bei ya lulu

Kwa waliosoma riwaya fupi ya The Pearl ya John Steinbeck (1947) wakijiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, jibu lililozoeleka la swali la dhamira ni methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Kino, mvuvi maskini wa La Paz, Mexico, anapata lulu kubwa, anakataa bei, anaishia kumpoteza mwanawe.

Jibu hilo lina mashiko. Juana, mkewe, anamwambia mapema kwamba lulu ile ni nuksi. Anapotoka usiku akaitupe mwenyewe, Kino anamfuata na kumpiga ngumi ya uso, kisha teke. Mume wa namna hiyo sitajaribu kumsafisha.

Ila hebu tuitazame hiyo bei. Mnunuzi wa kwanza anataja peso 1,000, eti lulu imezidi ukubwa, ni kioja cha makumbusho tu. Wanaitwa wenzake watatu waitathmini. Wawili wanaikataa katakata, wa tatu anatoa 500, na papo hapo ile 1,000 inaanza kuonekana hisani. Kino anapochukua lulu yake aondoke, yule wa kwanza anapanda hadi 1,500. Lulu ni ileile! Sisi wasomaji tumeshadokezewa kwamba wanunuzi wote wa mji wana tajiri mmoja, na ofisi zao nyingi ni za kuigiza ushindani tu. Kino hana ushahidi, lakini kanusa.

Nduguye, Juan Tomás, anamkumbusha kwamba wazee waliwahi kukusanya lulu zao wakamtuma mtu akaziuze mji mkuu. Hakuonekana tena. Wakatuma wa pili, naye akatokomea. Padri hulihubiri jambo hilo kila mwaka: waliadhibiwa kwa kutaka kutoka mahali walipopangiwa. Sasa, anayesema Kino kaponzwa na tamaa ana tofauti gani na padri huyo?

Na alitamani nini hasa? Ndoa ya kanisani, nguo mpya, bunduki (hiyo nawaachia wanaomlaumu), na shule kwa Coyotito, mtoto ambaye daktari alikataa kumtibu alipoumwa na nge kwa kuwa wazazi walikuwa na vijilulu vinane visivyo na thamani.

Watauliza: mbona mwishoni anaitupa baharini? Coyotito keshauawa kwa risasi. Wa kumsomesha hayupo. Wale wanunuzi, kwa yote tunayosimuliwa, bado wako ofisini mwao.