Mistari 400 kwa kila ubongo: haki kwa nani?

Anayechora mtandao wa ubongo kutokana na picha za MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) za mtu aliyetulia huanza na mgawo wa uwiano wa kila jozi ya maeneo, yaani namba inayoonyesha jinsi shughuli za maeneo hayo mawili zinavyopanda na kushuka pamoja, kisha hulazimika kuamua miunganiko ipi ibaki na ipi ifutwe. Wengi huchagua kizingiti cha asilimia: kila ubongo hubakiwa na, tuseme, asilimia 10 ya miunganiko yake yenye nguvu zaidi. Kizingiti cha thamani, kinachobakiza kila kinachozidi kiwango kimoja kwa watu wote, hutazamwa kama chombo cha kizamani, na nadhani kimehukumiwa haraka.

Sababu ya kukitilia shaka ni nzito. Urefu wa njia (hatua za kutoka eneo moja hadi jingine) na wingi wa vikundi (jinsi majirani wa eneo wanavyoungana wao kwa wao) hubadilika mara tu idadi ya miunganiko inapobadilika, hivyo anayelinganisha mtandao wenye mistari, yaani miunganiko iliyobakizwa, 300 na wenye 900 huenda anapima idadi akidhani anapima muundo.

Lakini tuhesabu. Ubongo uliogawanywa katika maeneo 90 una jozi 4005, na asilimia 10 ya hizo ni takriban 400. Tuseme kwa mtu mwenye afya muunganiko unaoshika nafasi ya 400 kwa nguvu una mgawo wa 0.5, na kwa mgonjwa, ambaye miunganiko yake yote imelegea, wa 400 ni 0.2 tu. Ili idadi itimie, kwa mgonjwa imebidi kuokotwa mistari ambayo mingi yake yaweza kuwa kelele, yaani uwiano wa bahati tu. Kelele huunganisha maeneo bila mpangilio, na mtandao wa namna hiyo huwa na njia fupi na vikundi hafifu. Mtafiti ataandika kwamba ugonjwa umevuruga muundo, ilhali huenda kilichopungua ni nguvu ya jumla tu. Martijn van den Heuvel na wenzake walilionya jambo hili mwaka 2017 katika jarida la NeuroImage.

Mzazi wa Uganda hahitaji hesabu hiyo. Anajua kwamba daraja la kwanza la PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni jumla ya 4 hadi 12 katika masomo manne (ndogo ndiyo bora), wala haligawiwi kila shule kwa asilimia sawa. Lingegawiwa hivyo, tusingejua kamwe shule ipi imeanguka.

Ni kweli kwamba nguvu ya jumla hushuka au kupanda pia kwa sababu zisizo za ugonjwa. Tukiwapima watoto waliopona malaria ya ubongo pamoja na wenzao wa kijiji kimoja, watakaotikisa kichwa ndani ya mashine wataharibu vipimo, kwa kuwa mtikisiko huelekea kukuza uwiano wa maeneo ya karibu na kupunguza ule wa mbali. Kizingiti cha thamani kitaibeba tofauti hiyo waziwazi. Cha asilimia hakiiondoi, huiingiza katika umbo la mtandao, mahali ambapo mhakiki hataitafuta. (Wapo wanaotaka tusikate chochote, tutumie nguvu ya kila muunganiko kama ilivyo; hao nao hubaki na swali la migawo hasi, iliyo chini ya sifuri.)

Kwa hiyo, atakayeamua kutumia asilimia, jedwali lake la kwanza lionyeshe wastani wa nguvu ya miunganiko katika kila kundi, kabla mstari wowote haujafutwa.